Majani ya Vuhesi

Kahongya alikuwa mtu wa kalamu na rula, na hilo ndilo lililomponza. Mwaka ule wa 2001, wenye bunduki wakiwa wametapakaa Lubero nzima, madereva wa Butembo walimkabidhi lori moja kuukuu na kazi ambayo kila mtu aliikwepa. Alitakiwa apange safari za Jumatano za kuwafikia watu wa vijiji vidogo vya upande wa Kipese, ambao magari makubwa yaliwapita na kuwaachia vumbi.

Alipanga vizuri, tusimnyime haki yake. Mwenye safari achomeke kando ya barabara, tangu jana yake, kijiti chenye kifungu cha majani ya mkaratusi. Kifungu kimoja, abiria mmoja. Dereva akiona majani anasimama, asipoyaona anakanyaga mafuta. Lori likaacha kupoteza muda, na Kahongya akawa anapita mtaa wa Kimemi kifua mbele.

Kisha watu wa Vuhesi wakaacha kuweka majani. Jumatano ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna kitu. Kahongya akachukua rula akakifuta kituo. Wiki mbili baadaye akaletewa habari kwamba dada yake Anne-Marie, aliyeolewa Vuhesi, amefia njiani akienda hospitali kwa miguu, na mimba tumboni. Hakumuuliza mtu lolote. Alijua kosa ni la nani.

Mwezi uliofuata Ézéchiel, dereva wa lori, alimfuata ofisini.

"Papa Kahongya, pale Vuhesi kuko mama moja anasimamaka mu miti. Kitenge ya manjano. Nikisimamisha gari, hapana mutu."

Kahongya aliweka rula chini. Kitenge cha manjano alikinunua yeye mwenyewe, zawadi ya harusi ya Anne-Marie. Usingizi ukamhama. Kila alipofumba macho alimwona dada yake kati ya miti, akimtazama. Akachora njia mpya ya kuzungukia Alimbongo, ili lori lisikanyage tena Vuhesi. Ilibaki sahihi yake tu.

"Mais vijiji tatu vitabakia bila gari," Ézéchiel alisema. "Batu ba kule tutabaambia nini?"

Kahongya aliona aibu. Jumatano akapanda lori mwenyewe, ramani mfukoni. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelalia vilima. Walipofika Vuhesi akamwambia Ézéchiel azime injini. Rangi ya manjano ilionekana kati ya miti, halafu ikatoweka. Kahongya akashuka.

"Anne-Marie," aliita.

Aliyetoka alikuwa Mama Mariette, mama mkwe wa Anne-Marie. Nyuma yake wakatokea watu saba, na magunia ya viazi na vitunguu.

"Kahongya, ni miye. Nilivaa kitenge yake ili dereva akuambie, ukuje mwenyewe."

"Mais juu ya nini mulijificha, Mama?"

"Basoda bengine, na bunduki zabo, banapandaka mu gari. Nilikuwa nangojea nikuone weye."

"Na majani? Juu ya nini muliacha kuweka?"

"Bale ba bunduki balijua kuyasoma. Bakiona vifungu mbili, banajua batu babili beko na mizigo, banabangojea mu njia. Donc tuliacha. Mais kila Jumatano tulikuwa hapa mu miti. Tukitoka, gari imeshapita."

Kahongya alitaka asiulize, akauliza.

"Na yeye?"

"Alikuwa pamoja na siye, Jumatano zote tatu. Tulimuambia arudi nyumba, akakatala. Alisema, yaya yangu, mukubwa wangu Kahongya, ndiye anapanga ile gari, hawezi kutusahau."

Kahongya aligeuka kuelekea lori, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Kisha akatoa ile ramani, akaigeuza, akaandika nyuma yake: Vuhesi, dakika kumi, majani yawepo yasiwepo.

Wote wakapanda, magunia yakafungwa. Ézéchiel akashika ufunguo.

"Beshaisha kupanda, Papa. Tuende?"

Kahongya aliangalia saa, halafu akaangalia miti.

"Bado dakika tatu," alisema.

Hakuna aliyemuuliza wanamngoja nani.