Wapangaji Waliokula Ukuta

Jana usiku nililala na njaa, nikaota tumbo langu linanibishia hodi kutoka ndani.

Niseme kwanza nililala katika hali gani. Mimi ni fundi cherehani hapa Bukoba. Tangu nimalize dawa kali za nimonia, tumbo halikutulia: linajaa, linanguruma, linauma kila nikila. Marehemu baba yangu aliondoka kwa ugonjwa wa tumbo, nami nilikwisha kujihukumu. Daktari alinipima akasema haoni kitu, lakini hofu haisomi majibu ya hospitali. Nikaacha maharage, nikaacha ndizi, nikaacha mboga, nikawa mtu wa mkate mweupe na chai ya sukari.

"Baba Alinda, huo si mlo," mke wangu aliniambia jana jioni. "Hivyo ni kuidanganya njaa."

Nikageukia ukutani nikalala. Ndipo hodi ikabishwa.

"Karibu," nikasema, maana hodi haikataliwi.

"Sisi tumo ndani tayari," sauti ikajibu. "Wewe ndiye wa kukaribishwa."

Nafungua kifungo cha shati, na shati ni mlango. Naingia nimeinama. Ndani ni ukumbi mrefu wenye kona nyingi, kuta zake laini, zinang'aa kwa ute. Umejaa viumbe wadogo, wengine kama punje za mchele, wengine kama mtama, wamekaa kimya kama watu walioko msibani. Aliyebisha hodi ni mama mmoja, mviringo kama njugu mawe, amejifunga kanga. Hana uso, lakini najua ananitazama.

"Sisi ni bakteria wa utumbo wako mpana," anasema. "Mimi naitwa Nyamwiza. Pole kwa nimonia."

"Asante. Nimeshapona."

"Sisi bado. Ile dawa ilipita na kwetu. Waliobaki ndio hawa."

Nikawapa pole wote. Nyuma yake nikasikia watu wanaramba kitu. Baadhi yao walikuwa wameuelekea ukuta, wanaula ule ute taratibu, bila aibu wala furaha.

"Wanafanya nini?"

"Wanakula nyumba."

Alinieleza bila hasira. Mkate na sukari huishia huko juu, kwenye utumbo mwembamba. Hawashushiwi hata makombo. Kinachowafikia wao ni kile nisichoweza kukisaga mimi, yaani nyuzinyuzi za mimea. Zikikosekana, hugeukia ute unaoulinda ukuta.

"Tunajua si vizuri," akasema Nyamwiza. "Ila mwenye njaa hana miiko."

Nikaona mahali ukuta umekonda kama kola ya shati lililofuliwa mno. Nikapagusa, yakanipata maumivu yaleyale ya kila siku.

"Hapa ndipo panaponiuma."

"Hapo ndipo tunapokula."

Nikamgeukia. "Nitakufa kama baba?"

"Baba yako hatukumjua. Sisi ni wako wewe." Akaupapasa ukuta. "Huu unashoneka. Tuletee nyuzi."

Nyuzi ninazo, mimi ni fundi. Papo hapo ukumbi ni kibanda changu sokoni, na bakteria wamepanga foleni mbele ya cherehani. Nawapa uzi mweupe wa poliesta. Mmoja anauonja, anautema kwa adabu.

"Huu haukuota popote," anasema.

Nawapa wa pamba. Anatafuna kwa muda mrefu.

"Huu uliota. Lakini hata ng'ombe angeomba msaada."

Cherehani yangu, ambayo haijawahi kunisemesha, ikakohoa.

"Fundi, wanataka nyuzi za kuliwa. Kitunguu. Kunde. Ndizi mbichi. Hata kiporo cha viazi wanakipenda. Mimi ni chuma tu, lakini hata mimi hilo nalijua."

Kabla sijaijibu, nimo jikoni kwa mama yangu, Ma Anastazia, kule Kamachumu. Amekaa sakafuni kwenye majani makavu, mbele yake lundo la ndizi mbichi. Ananikabidhi kisu.

"Menya."

"Mama, mimi mwanamume."

"Na tumbo ni la nani?"

Namenya. Utomvu unanichuruzika vidoleni. Kila ndizi ninayoimaliza inadondoka, inapenya sakafu, na huko chini nasikia sauti za watu wanaosogea wapeane nafasi. Kisha Nyamwiza anachomoza sakafuni, kanga yake imelegea kidogo kama ya mtu aliyeanza kushiba.

"Taratibu, mwenye nyumba. Ukitushushia mkungu mzima leo tutaijaza nyumba upepo, halafu utatulaumu. Kidogo leo, kidogo kesho."

"Na ukuta?"

"Njoo uone."

Nimo ukumbini tena. Waliokuwa wakiramba ute wameacha. Wanakula ndizi, na kutoka kwao inachuruzika siki nyepesi. Ukuta unainywa hiyo siki kama mtoto anyonyavyo, unajaa, na ute unautanda upya. Nikapagusa pale. Palikuwa pametulia.

Nilijikuta nimekaa chini. Ile hofu niliyoibeba tangu msiba wa baba ilinitoka kama pumzi.

"Kumbe nimepona," nikasema.

"Sikusema hivyo. Nimesema unashoneka. Wewe ni fundi, unajua nguo haishonwi kwa kuchoma sindano mara moja."

Nikacheka, na kicheko kikaniamsha.

Jua lilikuwa limechomoza. Nilikuwa na njaa, njaa tulivu, ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Nikamkuta Mama Alinda uani anachekecha unga.

"Leo nipikie ndizi na maharage," nikamwambia. "Kidogo tu."

Aliacha chekecheke, akanitazama mpaka nikaona haya.

"Kweli, Baba Alinda?"

"Kidogo leo, kidogo kesho."

Akapitisha kiganja usoni, akabaki ameziba mdomo kidogo. "Basi ngoja nikimbie sokoni. Humu ndani haijaingia ndizi tangu uzikatae. Wewe kanawe."

Nikaenda kunawa. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa majivu. Doa jeusi la utomvu wa ndizi halikutoka vidoleni.