Pankreasi

"Tatizo hapa ni pankreasi," daktari mkuu aliwaambia waliomzunguka. "Ndiyo imemharibu huyu mama."

Mzee Pankrasi Komba alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, akimpepea mkewe, Kunegunda, kwa kipande cha boksi. Akainuka, akavua kofia.

"Shikamoo, daktari," alimwamkia mtu wa umri wa mwanawe. "Pankrasi ni mimi. Lakini sijampiga hata siku moja. Muulizeni mwenyewe."

Wodi nzima ya wanawake ikaangua kicheko. Hata yule wa kitanda cha pili, mwenye nyuzi tumboni, alicheka huku amejishika. Kunegunda hakucheka. Tumbo lilimjaa kama ngoma, wiki ya nne sasa tangu watoke kijijini Mpitimbi.

"Kaa chini, babu. Ni kiungo cha ndani, nyuma ya tumbo. Kongosho. Hukusoma hata kidogo?"

Dokta Noela, binti aliyekuwa bado kwenye mafunzo ya udaktari, alisema polepole, "Bosi, usaha umejikusanya mahali pamoja. Tungeuvuta kwa mrija kwanza apate nguvu. Kisu hatakiweza."

"Mrija unataka mashine ya picha. Mtaalamu wake yuko semina Dodoma mpaka wiki ijayo."

"Labda akipigiwa simu..."

"Kwani bingwa hapa nani?"

Noela akatazama viatu vyake. Mkuu akageuka.

"Haya, Mzee Pankreasi! Mrija au kupasua? Mke ni wako."

Wakacheka tena. Pankrasi alitaka kusema mrija. Neno lilimfika kwenye meno. Lakini alishafungua mdomo mara moja, na masikio yalikuwa bado yanamwaka. Kunegunda alikuwa anamtazama.

"Mimi najua nini, daktari? Wasomi ni ninyi."

"Safi. Weka dole gumba hapa."

Walimpasua Alhamisi. Ijumaa mchana alikata roho. Kwenye faili nesi aliandika, akijisomea kwa sauti: familia iliridhia upasuaji.

Jumatatu Pankrasi alirudi kuchukua mwili, kwapani ana kitenge kipya cha kumvalisha. Kwenye korido ya vyumba vya kulipia alikutana na mke wa afisa mmoja wa mkoa, akijifunza kutembea, ameshikwa mkono na nesi. Ugonjwa uleule, manesi walikuwa wanaongea. Mtaalamu alipigiwa simu Jumamosi, gari la serikali likamfuata. Mrija mwembamba ulimtoka mama yule ubavuni, ukashuka hadi kwenye mfuko uliojaa nusu, maji ya kahawia. Alipiga hatua mbili, akapumzika, akatabasamu.

"Shikamoo baba. Si wewe uliyenipisha kwenye benchi Alhamisi?"

"Marahaba. Ndimi."

"Mungu akubariki. Na mama yetu, anaendeleaje?"

Nesi aliinamisha uso. Pankrasi alikipeleka kitenge nyuma ya mgongo.

"Hajambo," alisema. "Anaendelea vizuri."