Lebo ya Bibi Harusi

Watoto wa mbwa walipimwa asubuhi, kabla ya kunyonya, kwa sababu tumbo tupu ni jepesi. Mama Mkubwa aliwatoa mmoja mmoja chini ya mama yao, akawaweka juu ya mizani ya jikoni iliyotandikwa kitambaa, akasoma namba kwa sauti. Shemeji yake, mwenye banda, alisimama pembeni na mkasi na tepe tatu begani. Kila utepe ulikuwa na saizi yake: wa kijani ulikuwa wa Mdogo. Wa buluu ulikuwa wa Kikombe. Wa dhahabu ulikuwa wa Kiganja, na bei ya Kiganja hakuitaja kwenye simu. Alimwambia mteja aje kwanza amshike.

Wote watatu waliweza kutoka tumbo moja, siku moja. Aliyewahi titi akashiba, huyo akawa Mdogo. Aliyesukumwa na ndugu zake akakosa, huyo akawa Kiganja na akauzwa mara tatu ya ndugu aliyemsukuma. Mzao ukija na watoto wanono watupu, shemeji alimwachisha mmoja ziwa mapema, au alimwongezea umri kwa maneno, mtoto wa wiki nne akawa wa wiki nane, ili mteja ashangae jinsi alivyo mdogo. Wateja walishangaa kweli. Mdogo wake Mama Mkubwa, ambaye ndiye mke wa mwenye banda, aliwapiga picha ndani ya vikombe vya chai, na kila wakati alichagua kikombe kikubwa kuliko kinavyoonekana.

Katika ua ule uliosifia kila kitu kwa udogo wake, yeye peke yake aliitwa Mkubwa. Alikuja kumsaidia mdogo wake alipojifungua mtoto wa mwisho, akapanga chumba ng'ambo ya barabara, na yule mtoto sasa alikuwa anavaa viatu vya baba yake. Ndiye aliyelisha, aliyefagia, aliyepima, na aliyezika. Waliokufa aliwafunga kwenye gazeti akawafukia nyuma ya tangi la maji, na akirudi alinawa mikono akaendelea na kazi.

Kitu kimoja tu alikitaka pale. Alimtaka Bibi Harusi, jike jeupe lililozaa karibu nusu ya wote waliouzwa. Manyoya yake yalikuwa yameanza kupukutika shingoni na matiti hayakupanda tena hata akiachwa kunyonyesha. Shemeji alikwisha kuahidi, tena mezani, mbele ya mkewe: "Mzao huu ukiisha, huyu wako, shemeji. Mchukue akapumzike." Mama Mkubwa alinunua kapu la ukindu, akashona godoro la kutosha mbwa mmoja, akaliweka chini ya dirisha la chumba chake. Mzao ule uliisha, ukaja mwingine, na ahadi ikasogezwa mbele. Kapu lilikaa pale likipigwa jua.

Katika mzao uliofuata alikuwemo wa utepe wa dhahabu ambaye utosi wake haukuwa umefunga. Mama Mkubwa alimpaka sukari kwenye fizi kila alipolegea, maana ndivyo walivyo hao, wakikosa chakula kidogo tu wanazimika. Siku ya nne alizimika moja kwa moja. Akamfunga kwenye gazeti, akamfukia nyuma ya tangi, akanawa mikono.

Kesho yake saa kumi alasiri, saa ya kunyonya, mtoto yule aliingia bandani na utepe wake shingoni, akapita kati ya ndugu zake akashika titi. Alikuwa na udongo masikioni. Mama Mkubwa alimfuta kwa pindo la kanga, kisha akamsogeza mnono mmoja ili apate nafasi. Nyuma yake waliingia wengine wawili wa mzao uliotangulia, nao wa dhahabu.

"Wamerudi," alimwambia mdogo wake.

"Kina nani?"

"Wale wa nyuma ya tangi."

"Basi wafute vizuri, dada. Niwapige picha kabla jua halijashuka."

Shemeji aliwapima. Mizani ilionyesha sifuri. Akaigonga, akabadilisha betri, akaweka nyanya, mizani ikaipima nyanya sawasawa. Akamrudisha mtoto, ikaonyesha sifuri. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafikiri, na uso wake ukaanza kukunjuka. Ugonjwa wa biashara ile ulikuwa mmoja tu, nao ni kukua. Mteja ananunua Kikombe, baada ya miezi sita anarudi kulalamika ana sufuria. Sasa hapa kulikuwa na mbwa asiyeweza kukua hata angelishwa ng'ombe mzima. Jioni hiyohiyo alinunua utepe wa nne, mweupe, akatunga na lebo yake: Hakui.

Mteja wa kwanza alikuwa mama mwenye miwani ya jua aliyoipandisha kichwani.

"Anakula nini?"

"Hali kitu."

"Anachafua?"

"Hachafui."

"Na huwa wanaishi miaka mingapi?"

"Hilo limeshapita, mama."

"Nifungie huyu," alisema, na hakuomba apunguziwe.

Daktari wa mifugo alikuja kwa kadi za chanjo. Alikuwa mtu wa haki kidogo: kila mwaka alisema palepale getini kwamba hakuna aina ya mbwa inayoitwa Kikombe wala Kiganja, kuna njaa tu iliyofungwa utepe, na kila mwaka alisaini. Aliweka kipimo kifuani mwa wale wa utepe mweupe, akasikiliza sana, akaandika kwenye kadi: Hali yake haitazidi kuwa mbaya. Akagonga muhuri.

Shida ilijitokeza wiki ya kwanza. Saa kumi ikifika, Hakui waliteremka mapajani mwa wateja wakaenda zao kunyonya. Walipita chini ya mageti na kando ya maduka, kila mmoja akishika njia yake, na kabla ya magharibi wakarudi kwa waliowanunua. Simu ziliita. Shemeji hakutikisika. Aliongeza mstari kwenye lebo, Hunyonya kwa mama yake kila siku, akapandisha bei, na simu zilizofuata zilikuwa za watu waliotaka wa namna hiyo. Wenye nao wakaanza kusimama nje saa za jioni kuwasubiri, ili majirani waone.

Sasa mama alitakiwa awe na maziwa siku zote, na ili awe na maziwa lazima azae.

"Uliniambia mzao huu ndio wa mwisho," Mama Mkubwa alisema.

"Nilisema. Lakini nani atawanyonyesha hawa, shemeji? Mimi?" Akacheka, na mkewe akacheka kidogo, kwa adabu. "Kitu kingine. Hiyo sukari unayowapaka kwenye fizi, iache."

"Nikiiacha watakufa."

"Wakifa si wanarudi?"

Mama Mkubwa alilifunika kopo la sukari akalirudisha jikoni. Toka siku hiyo alibeba sukari chini ya ukucha wa kidole gumba, akawapaka akijifanya anawakagua meno, na wachache aliwavusha kwa ukucha huo. Shemeji alijua. Alimwachia, kama unavyomwachia mzee tumbaku yake.

Bibi Harusi akazaa tena. Safari hii walikuwa watatu, na alipomaliza hakuinua kichwa kuwalamba. Mama Mkubwa alimwangalia, akaenda kwake, akarudi na kapu. Akamweka ndani yeye na wanawe, mchana kweupe, akavuka barabara. Mdogo wake alimwona akiwa dirishani na kamera mkononi, akalifunga pazia.

Chumbani alimpa mchuzi kwa kijiko. Bibi Harusi akala vijiko viwili, akaweka kidevu kwenye ukingo wa kapu, palepale jua lilipokuwa likipiga miezi yote ile, akafumba macho. Mama Mkubwa alifurahi. Alikaa kitandani akafurahi hadi saa kumi.

Saa kumi waliingia. Walitangulia wa utepe mweupe, wakifuatwa na wengine ambao hakuwatarajia, wasio na utepe wowote, wa miaka ya nyuma kabla tepe hazijabuniwa, wakiwa bado na vipande vya magazeti migongoni. Walipanda ngazi, wakajaa sakafuni, wakajaa chini ya kitanda, wakapanga foleni hadi koridoni, mpangaji wa chumba cha pili akawaruka akaenda kuanua nguo. Hapakuwa na fujo wala kusukumana. Ubavuni mwa mmoja alisoma tangazo la sabuni ambayo siku hizi haiuzwi, akamkumbuka. Na alipomkumbuka huyo akawakumbuka wote. Alikuwa amewafukia kwa mikono hii, akajiambia ni kazi ya Mungu, akanawa. Aliona aibu, aibu ya kumfanya mtu atake kuondoka, lakini alikuwa chumbani kwake na mlango umejaa.

Bibi Harusi alijilaza ubavu, kama alivyozoea kila akisikia kikundi kinakuja, akawanyonyesha. Alikufa foleni haijafika nusu. Waliobaki walisubiri kidogo, kisha wakageuka wakashuka ngazi.

Shemeji alifika akiwa amewafuata wao. Hakupandisha sauti. Alitazama kapu, akatazama watoto watatu walio hai waliokuwa bado wameng'ang'ania matiti, akasema, "Umenitia hasara, shemeji. Lakini ni ndugu, yaishe." Akawatia watoto mfukoni mwa koti. Bibi Harusi alimchukua pia, na alifukiwa nyuma ya tangi, mahali pa wote. Mama Mkubwa ndiye aliyechimba.

Kesho yake saa kumi Bibi Harusi aliingia bandani na udongo masikioni, akajilaza ubavu. Manyoya ya shingo yalikuwa yamerudi yote. Maziwa yalimtoka bila kukatika, na wafu wakaja wakanyonya, na walio hai watatu wakanyonya nao. Shemeji alimnyanyua akamweka juu ya mizani. Sifuri. Akampima tena, akatikisa kichwa kwa furaha: mbwa mzima, mwenye umbo kamili, na hana uzito hata wa nyanya. Akamfunga utepe mweupe.

"Uliniahidi huyu," Mama Mkubwa alisema.

"Nilikuahidi yule aliyekuwa hai. Yule ulimchukua mwenyewe, na sikukudai. Huyu ni Hakui."

"Mpe kwa bei ya kindugu, baba," mkewe akasema bila kuiweka kamera chini.

Shemeji aliona haya kidogo. Akaandika bei kwenye lebo, akaifuta, akaandika nyingine iliyo pungufu, akamwonyesha. Mama Mkubwa aliisoma. Hata angefanya kazi bandani mle bila kula wala kulipa chumba, asingeifikia kabla hajafukiwa mwenyewe. Akamrudishia lebo. Shemeji akaitundika kwenye wavu na kuongeza chini yake kwa herufi ndogo: Hauzwi, hunyonyesha.

Kule kwake kapu aliliacha chini ya dirisha. Jioni alikunja lile godoro dogo, halafu akalikunjua tena, akalala.

Maziwa ya Bibi Harusi yalikuwa mengi, meupe, na watoto wale watatu waliyanyonya mchana kutwa wakalala midomo imelowa. Mama Mkubwa aliwapima asubuhi iliyofuata, kisha ya pili, kisha ya tatu, na kila asubuhi namba ilikuwa chini ya ya jana. Aliyekuwa Mdogo akawa Kikombe, aliyekuwa Kikombe akawa Kiganja. Akawapelekea uji kwa kijiko, wakaukataa, wakarudi kwa mama yao. Akawapaka sukari waziwazi, na shemeji hakumkataza. Alikuwa akishughulika na tepe.

"Maziwa yale hayana kitu," Mama Mkubwa alimwambia.

"Nimeona. Wala hatuhitaji kuwaachisha tena, wanashuka wenyewe. Haya, soma."

Mama Mkubwa alimweka yule mwepesi kuliko wenzake juu ya kitambaa. Mtoto alikuwa na joto bado, na moyo wake ulionekana ukipiga katikati ya kichwa, pale ambapo mfupa haujafunga. Akasoma namba. Shemeji akavuta utepe begani, akaupima kwenye shingo ile, akafungua mkasi. Ulikuwa ule mweupe.

"Huyu bado," Mama Mkubwa alisema.

"Najua," alisema shemeji, akaukata.

Mama Mkubwa akamrudisha mtoto chini, akamchukua aliyefuata.