Darasa Lililonyamaza Wiki Tano

Mimi nimeendesha greda ya serikali miaka thelathini na moja. Niliwahi kusawazisha barabara juu ya chatu aliyelala, mkia Kathonzweni, kichwa Kitui, na hakuamka. Kwa hivyo nikisema nimeona ajabu, niaminini.

Mutindi, mhadhiri wa mambo ya udongo, alikodi chumba changu kwa sababu netiwaki hapa ni nzuri. Anafundisha chuo kikuu kwa mtandao: wanafunzi arobaini, kila mmoja yuko kwao. Wiki tano alihubiria kompyuta saa mbili mbili, kisha anauliza, "Kuna swali?" Kimya. Kimya kizito hadi kuku wangu wakaacha kutaga.

Jumatatu akanijia macho mekundu. "Mzee Mulinge! Mkuu wa idara yetu, Daktari Mathenge, ataingia darasani Ijumaa. Asiposikia wanafunzi wakiongea, anafunga kozi. Na hawa hawajali!"

"Hawajali? Wewe umelelewa Nairobi. Mtoto wa huku akimkatiza mwalimu, mamake atamchapa hata kama ana ndevu. Wanakuheshimu hadi watakumaliza!"

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni mtu wa greda. Waulize wao."

Akawapigia simu siku mbili, mmoja mmoja. Muindi wa Kalamba, bando lake huisha dakika ya ishirini. Kanyiva wa Mbumbuni alikuwa na maswali kumi na manne kwenye daftari, anangoja aitwe jina.

Mutindi akabadilika. Somo la saa mbili akalikata vipande vya dakika kumi, sauti tupu, akawatumia mapema. Akawagawa watano watano kama mwethya, kile kikundi chetu cha kuchimba matuta, ambapo kila mtu hupewa kipande chake na hakuna pa kujificha. Kazi yao: piga picha korongo lililo karibu na kwenu, jirekodi dakika moja, sema maji yanatoka wapi. Kila aliyetuma, Mutindi akamjibu kwa jina: hapa umeona vizuri, hapa rudi uangalie tena.

Ijumaa nikajifanya natengeneza dirisha lake.

"Muindi, anza," akasema.

Muindi akakohoa. Akaeleza jinsi korongo lilivyokula shamba la nyanyake, hatua tatu kila masika, na mahali ambapo yeye angeweka mawe. Mwanafunzi wa Kitui akamwambia, "Hapo mawe yatabebwa, ndugu. Panda makonge kwanza." Mwingine akapinga. Nyundo ikanitoka mkononi. Sauti zilikuwa zinatoka vilima ambavyo nimevipitia maisha yangu yote, na kila moja ilijua ardhi yake kuliko greda yangu ilivyowahi kuijua. Nikasimama pale kama mtu aliye kanisani.

Katikati ya mabishano, alama ya mkono ikainuka kwenye kioo cha kompyuta. Mathenge.

"Mwalimu, samahani, naweza—"

"Subiri zamu yako, Daktari. Kanyiva kwanza."

Nikafunga macho. Kanyiva akauliza maswali yake, na wenzake ndio waliojibu mengi. Mutindi alisema maneno machache tu.

Zamu ya Mathenge ikafika.

"Nilikuja kufunga hii kozi," akasema. "Iendelee. Ila huyu wa makonge, tafadhali, arudie pole pole. Naandika."