Mkono wa Mwalimu

Hivi, umewahi kuchora mkono wa mtu, wiki iliyofuata ukaukuta umesogea? Mkasa huo ulimpata Mama Vifungo, mshonaji wa sare za shule, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hatembei bila vifungo mfukoni. Kila Jumamosi alasiri alikwenda chumba cha nyuma cha maktaba kujifunza kuchora na kutunga hadithi.

Mwalimu alikuwa na mawaidha mazuri, hilo halina ubishi. "Chora unachokiona, siyo unachokijua. Hadithi isome kwa sauti. Ulimi unapokwama, hapo ndipo pa kurekebisha." Kisha hukusanya madaftari akasahihishe nyumbani. La Mama Vifungo, lenye hadithi ya cherehani iliyogoma kushona nguo za msiba, lilikuwa halijarudi, wiki ya tatu hiyo. Kila akiuliza, anaambiwa liko njiani.

Basi akamchora mwalimu mwenyewe kwenye karatasi ya kukatia nguo, mkono wa kulia juu ya meza, akaibandika ukutani darasani. Wiki iliyofuata mkono ulikuwa umeteremka hadi kwenye begi. Wiki nyingine ulishika daftari lenye jalada la kitambaa cha maua, alilolishona Mama Vifungo mwenyewe.

"Mama Vifungo, mkono huo mchapakazi kuliko sisi," alisema kinyozi, mwanafunzi mwenzake. "Angalia usije ukaniibia wateja."

Wakacheka, wakaendelea kuchonga penseli.

Mwalimu akaja, akainama, akautazama mkono wake ukitumbukiza daftari begini. Mama Vifungo alimkazia macho, roho juu.

"Kidole gumba kifupi," alisema mwalimu. "Na kivuli kiwe kizito hapa, chini ya kiganja."

Akachukua penseli akarekebisha. Kweli, mkono ukapendeza, na daftari likaonekana vizuri zaidi.

Siku hiyo aliwaletea kitabu chake kipya, wino bado unanukia. Hadithi ya kwanza ilihusu cherehani iliyogoma. Aliisoma kwa sauti, wala ulimi haukukwama popote. Darasa likapiga makofi. Kinyozi alianza kupiga, akatupa jicho ukutani, akaacha. Pale ukutani, mkono ulikuwa unafunga zipu ya begi.

Mama Vifungo akanyoosha kidole.

"Una swali, mama?"

"Sina swali, mwalimu. Hadithi hiyo ni yangu. Naitaka."