Nani Amemwona Agape

Siku ile, mazoezi yalipokwisha, Agape alibaki nyuma. Alimsogelea Merina, aliyekuwa akikunja vitenge vya maigizo, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, baba mdogo anataka kunitoa shule. Ananipeleka kwa watu nikalee mtoto."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake katika mchezo, karibu neno kwa neno. Merina hakuinua hata uso.

"Vizuri," akamwambia, "ila kesho paza sauti. Walio nyuma hawatakusikia."

Kesho yake Agape hakuja. Wala keshokutwa.

Merina ni fundi cherehani wa Bangwe, ingawa wengi humwita mwalimu kwa ajili ya maigizo yake. Kwa miaka minne kikundi chake cha maigizo kilikuwa kimezunguka mialoni kwa wavuvi na masokoni kikisema mtoto ana haki ya kusoma, na Agape, yatima wa darasa la saba, ndiye aliyewaliza watu. Sasa Merina alikwenda kwa Castory, huyo baba mdogo, akamkuta akishona wavu.

"Amekwenda kumsalimia bibi yake," Castory alisema.

"Bibi yupi? Si mlimzika mwaka jana?"

Castory hakuacha kushona. "Mwalimu, wewe una michezo yako. Mtoto ni wetu."

Mtendaji wa mtaa aliandika maelezo, polisi nao wakaandika. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Merina akawa hali, halali. Kila alipokanyaga cherehani aliisikia ile "vizuri" yake mwenyewe.

Kisha mtu akamdokeza kwamba Agape alionekana akipanda gari la kwenda Mwandiga. Jumamosi kikundi kikaenda kupiga ngoma pembeni ya soko la huko. Watu wakafurika. Mchezo ulipofika mahali pa Agape, Merina aliingia uwanjani peke yake.

"Ndugu zangu, hapa si mchezo tena. Mtoto anayecheza sehemu hii amepotea. Anaitwa Agape, ana miaka kumi na mitatu, ana kovu la moto mkono wa kushoto. Nani amemwona?"

Watu wakapiga makofi.

"Huyu mama anajua kuigiza," mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, huku akijifuta machozi kwa pindo la kanga.

Merina akapiga magoti vumbini. "Siigizi. Naapa kwa Mungu, siigizi."

Kadiri alivyolia ndivyo walivyoshangilia. Feliksi, mpiga ngoma, aliiacha ngoma yake akaja kumwinua.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Frida, muuza mawese, akamvuta Merina kando. "Dada, kama ni kweli, kuna msichana mgeni nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga. Kila asubuhi anapita hapa na ndoo, mtoto mgongoni. Hilo kovu nimeliona."

Merina alimtuma Feliksi polisi, mwenyewe akatangulia mbio.

Agape alikuwa uani akifua nepi, kichanga mgongoni. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya shingo imemtoka. Hakumkimbilia Merina. Alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani unakariri."

"Mtihani umeshafanyika?"

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umefanyika Jumatano na Alhamisi ya wiki hiyo. Merina alitaka kumdanganya, mdomo ukagoma.

"Umeshafanyika."

Agape akasuuza nepi iliyokuwa mkononi, akaikamua, akaianika kambani. Ndipo akafungua mbeleko, akamlaza mtoto kwenye mkeka.

Polisi walimtoa siku hiyohiyo, na siku hizi Agape anaishi kwa Merina. Castory hajulikani alipo. Wanasema alivuka kwenda Kongo. Mwalimu mkuu wa shule yake aliahidi kuandika wilayani kuulizia kama Agape anaweza kurudia darasa, na kila Merina akienda anaambiwa barua haijajibiwa. Kikundi bado kinacheza. Mara nyingi Agape hushinda chumbani, kitabu cha sayansi magotini, ukurasa uleule, na ngoma ikianza kulia huko nje, huinuka akafunga dirisha.