Koti Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, mke wa mvuvi alipapasa koti lililoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Lilikuwa koti la mumewe, la turubai ya kijani, lenye kiraka kwenye kiwiko. Likiwa kavu, ziwa lilikuwa shwari. Likilowa pindo, upepo ulikuwa wa kuvumilika na samaki walikuwa karibu na matete. Likilowa hadi kiunoni, mtu alitakiwa kusubiri jua lipande. Likilowa hadi kwenye kola, hapakuwa na safari. Chini yake aliweka beseni, maana sakafu ya saruji ikilowa huteleza, na mama mkwe wake alikwishaanguka mara moja.

Majirani walilizoea. Walipita na nyavu begani, wakabisha hodi.

"Shemeji, koti limeamkaje leo?"

"Pindo tu."

Jirani mmoja, aliyeitwa Mdomo kwa sababu hakuweza kunyamaza hata ndani ya mtumbwi, aliushika mkono wa koti kila alipopita na kulisalimu, "Shikamoo, mzee."

Hivyo ndivyo safari zilivyopangwa, mpaka kiwanda cha minofu kilipoleta injini za mitumbwi, na pamoja na injini, msimamizi, na lori la barafu lililofika kila Jumanne na Ijumaa adhuhuri. Msimamizi alieleza kwa upole kwamba barafu haisubiri. Mvuvi ambaye lori lingemkuta hana samaki angekabidhi injini yake kwa mwingine. Na samaki wa kando walikuwa wamekwisha. Bila injini, mtu angevua matope.

Ijumaa moja, mkono wa mke ulipanda kutoka pindo hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi kifuani, na kote ukakuta maji. Kola ilikuwa inachuruzika. Beseni lilikuwa limejaa, na ndani yake maji yalipiga vijiwimbi.

"Baba watoto, leo huendi."

"Lori linakuja."

"Njoo ushike mwenyewe."

Mume akashika kola, akapangusa mkono kwenye suruali, akamalizia chai yake. "Nimeshika. Nikikosa leo, injini wanampa Mdomo."

Mdomo alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakulisalimu koti. "Mimi siitaki injini ya mtu," alisema akitazama miguu yake. "Lakini wakinipa nitafanyaje, shemeji?"

Mke akatuma watu wamwite msimamizi. Alikuja bila kinyongo, akavua kofia, akaminya mkono wa koti. Maji yakamwingia ndani ya shati hadi kwapani.

"Ni kweli," alikiri. "Limelowa."

"Sasa je?" mke aliuliza.

"Asiende nalo. Zito namna hii litamchosha. Aende na fulana."

Mume akaenda na fulana.

Mke akalitungua koti msumarini, akaanza kulikamua, kwa kuwa mikono yake haikuweza kukaa bure. Alipomwaga beseni la kwanza mferejini, aligundua kwamba kola haikulowa tena upesi kama awali. Akakamua tena. Mama mkwe akashika ncha ya pili, kama wafanyavyo wakifua mablanketi, mmoja akasokota kulia na mwenzake kushoto.

"Kaza, mwanangu."

"Nimekaza, mama."

"Kaza tena. Mtoto wangu yumo humo."

Visamaki vilidondoka kutoka mfukoni. Mama mkwe akaviweka kwenye sahani. Walimwaga beseni mpaka mfereji ukafurika. Kola ikakauka, kisha kifua, huku ngozi ya viganja vya mke ikibanduka kama maganda ya kitunguu.

Mume alirudi kabla ya adhuhuri, mtumbwi umejaa samaki. Alisema wimbi lilisimama juu ya mtumbwi, halafu likapungua, kana kwamba mtu alikuwa analichota kwa chini. Mke hakuweza kushika kikombe. Mume akamnywesha.

Msimamizi alifika kutoa shukrani. Alilipapasa koti, akavitazama viganja vya mke. Mke alidhani sasa atasema neno kuhusu lori.

Alisema kiwanda siku zote kimewasikiliza akina mama. Kwa kuwa suala la mawimbi limepata dawa, kuanzia Jumanne kila mvuvi aache koti nyumbani pamoja na wanawake wawili wenye nguvu. Na kwa vile hali ya hewa si kikwazo tena, lori litawahi.

"Mnaweza kuanza kukamua alfajiri?"

Mama mkwe aliuliza kama wataletewa glavu. Msimamizi alisema atalifikisha ombi hilo panapohusika, akaaga, akavaa kofia.

Mke akalirudisha koti msumarini kwa vifundo vya mikono, akalisogeza beseni kwa mguu mpaka likakaa sawasawa chini yake. Tone la kwanza lilianguka kabla msimamizi hajafika barabarani.